Mzee Asiachwe Kitandani: Historia ya Hospitali Moja na Somo Lake kwa Ngombezi

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Kamati imeniomba nizungumze juu ya utumishi kwa wazee, ule ambao sisi katika lugha ya nyumbani tunauita seva. Mimi si daktari. Ni muuza vifaa vya ujenzi, na elimu yangu iliishia sekondari. Lakini jambo lililo mbele ya Kamati mwaka huu linahusu ujenzi, nami nina la kusema juu ya ujenzi. Katika michango ya maadhimisho haya limetolewa pendekezo kwamba tujenge nyumba ya wazee wagonjwa hapa Ngombezi, yenye vyumba, vitanda, na ukuta wa majina ya waliochangia. Ni pendekezo la watu wema, na waliolitoa ni wakubwa zangu ninaowaheshimu. Kabla hatujanunua tofali la kwanza, naomba niwasimulie historia ya hospitali moja ambayo ilikuwa na majengo na vitanda tele, na ambayo kwa miaka mingi wagonjwa wake wazee waliingia humo wasitoke. Kisha niwaeleze ni nini kilichoibadili.

Nianze na wazee wetu wenyewe. Wazee wa Ngombezi si kama wazee wa kijiji cha milimani, ambako mtu huzaliwa, huzeeka na huzikwa katika shamba la babu yake. Mkonge ndio uliotukutanisha hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai katika pwani yetu ya Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaota mashamba yaliyofuata bonde la Pangani. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na nyuma ya reli wakaja wenye maduka, babu yangu miongoni mwao. Wakaja pia wakataji. Walitoka Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 wengi wao waliandikishwa na ile ofisi ya waajiri iliyojulikana kwa jina la SILABU. Tuliwaita manamba. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na duka letu liliwakopesha sukari na mafuta ya taa kwa kuangalia kipande hicho.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa. Kamba za nailoni zikashusha bei duniani. Na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000. Mashamba yakapita katika mikono mipya, mitambo mingine ikanyamaza. Vijana walikwenda mijini. Waliobaki ni wale waliokuja wakiwa vijana, wakakata mkonge miaka thelathini au arobaini, na siku moja wakajikuta ni wazee walio mbali na kwao.

Wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Lakini mzee ambaye kwao ni Kasulu, ambaye ndugu zake wamekwisha kufa au hawamjui, zizi lake liko wapi? Namkumbuka mzee mmoja wa kambi ya zamani, ambaye kila mmoja wetu wa rika langu alinunua kwake mifagio na vikapu. Aliteleza wakati wa mvua za masika akavunjika nyonga. Majirani walimbeba, hospitali ikamtibu, dawa akapewa. Akarudishwa chumbani mwake, akalazwa juu ya kitanda cha kamba. Chakula alipelekewa, tena kwa upendo. Lakini hakuna aliyejua kwamba anapaswa kuinuliwa. Baada ya wiki chache mgongo na makalio vilifanya vidonda, miguu ikakunjamana, kifua kikajaa, na kabla ya mvua za vuli tulikwisha mzika. Mzee yule hakukosa chakula wala dawa. Alikosa mtu wa kumsimamisha.

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu jambo hili hili lilipata kuulizwa na kujibiwa mahali pengine.

Uingereza nayo ilipita katika zama za kuhamisha watu kutoka vijijini kwenda kwenye viwanda, na ikabaki na wazee wengi wasio na zizi. Jibu la serikali yao lilikuwa nyumba za kazi za maskini. Kwa sheria ya mwaka 1834, nyumba hizo zilifanywa kwa makusudi ziwe ngumu, ili asiingie mtu ila yule aliyeshindwa kabisa. Mume na mke walitenganishwa mlangoni. Baada ya muda, waliojaa ndani hawakuwa tena wavivu waliokusudiwa na sheria, bali wazee na wagonjwa wasio na pa kwenda. Kukajengwa wodi za kuwalaza. Mojawapo ya nyumba hizo ilikuwa Isleworth, magharibi mwa London, na kando yake ikakua hospitali iitwayo West Middlesex.

Mwaka 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa wodi za nyumba ya maskini iliyokuwa jirani yake, zenye vitanda 714. Kazi ya kuzisimamia akapewa daktari mwanamke, Marjory Warren, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufunzwa upasuaji. Katika taaluma ya siku zile hiyo haikuwa heshima kubwa, kwa maana wodi za wazee zilihesabiwa kuwa mwisho wa njia. Hakukuwa na utabibu maalumu wa wazee nchini mwao. Neno lenyewe la kitaalamu, jeriatriki, lilikuwa limetungwa mwaka 1909 na Ignatz Nascher, daktari wa New York, lakini neno peke yake halimwinui mtu kitandani.

Alichokikuta Daktari Warren ni watu wa kila namna waliochanganywa pamoja: waliopooza kwa kiharusi, waliokatwa miguu, waliopoteza kumbukumbu, wasioweza kuzuia haja, na wengine ambao walikuwa wazima kiasi, ila walikuwa wamelazwa siku moja na hakuna aliyewaambia waamke. Wengi hawakuwa wamepimwa sawasawa kwa miaka. Walilishwa, walisafishwa, walibadilishiwa mashuka. Nguvu ziliwaishia taratibu, na watu wakasema huo ni uzee.

Daktari Warren alikataa kuuita uzee. Alianza na jambo la kawaida kabisa: alimpima kila mgonjwa, mmoja mmoja, akauliza ana ugonjwa gani, anaweza kufanya nini, na nini kinamzuia kufanya zaidi. Kisha akawagawa katika makundi matano, kuanzia wale wanaoweza kuamka na kutembea, hadi wale waliochanganyikiwa na kuhitaji uangalizi wa daima. Kila kundi likapata mahali pake na mpango wake. Wodi zilipakwa rangi ya kupendeza, taa zikaongezwa, vitanda vikapata matandiko yenye rangi, na kutani zikawekwa nguzo za kushika wakati wa kutembea. Wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo na watumishi wa ustawi wa jamii walifanya kazi pamoja kwa mgonjwa mmoja. Aliyepooza alifundishwa kukaa, kisha kusimama, kisha kujivisha nguo. Aliyekatwa mguu alifundishwa kutembea upya.

Na watu wakainuka. Si wote, kwa maana wapo waliokuwa wamechelewa. Lakini waliotosha kuinuka walikuwa wengi kiasi kwamba baadhi yao walirudi makwao na wengine wakahamia katika makao ya kawaida. Vile vitanda 714 vilipungua hadi karibu 240 kwa ajili ya wazee, na vilivyobaki vikapewa wagonjwa wa kifua. Naomba tuitafakari hesabu hii sisi tunaotaka kujenga. Huduma kwa wazee ilipoboreshwa, vitanda vilivyohitajika vilipungua.

Mwaka 1943 Daktari Warren alichapisha maelezo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza, na mwaka 1946 akaandika tena. Alitaka utabibu wa wazee uwe fani yenye madaktari wake, ufundishwe kwa wanafunzi, na uwe ndani ya hospitali kuu penye vipimo vyote, badala ya kufichwa pembeni. Mwaka 1947 yeye na wenzake wachache wakaanzisha chama cha madaktari wa wazee, ambacho kipo hadi leo. Mwaka uliofuata, Julai 1948, Uingereza ikaanzisha huduma ya afya ya taifa, na fani hiyo ikapata nafasi ndani yake. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Glasgow kikawa na profesa wa kwanza wa tiba ya wazee. Daktari Warren hakuiona siku hiyo; alifariki mwaka 1960 kwa ajali ya gari akiwa safarini barani Ulaya kwa kazi hiyo hiyo.

Mtaniuliza, mfanyabiashara wa Korogwe ameyajuaje haya? Wengi wa jamaa zetu walioondoka Afrika Mashariki wanaishi upande huo wa London, karibu na uwanja wa ndege. Dada yangu mkubwa ni mmoja wao. Akiwa na miaka 81 alianguka jikoni akavunjika nyonga, mfupa ule ule wa mzee wetu wa kambi. Alifanyiwa upasuaji. Kesho yake asubuhi wauguzi wawili walimsimamisha kando ya kitanda. Alilia, akasema kwa Kigujarati kwamba watu hawa hawana huruma. Keshokutwa wakamsimamisha tena, akapiga hatua nne. Baada ya wiki sita alikwenda mwenyewe hadi kwenye meza yake ya sala, akiegemea fremu ya chuma. Alipokuwa amelazwa ndipo mwanawe alipoisoma habari ya Daktari Warren, akanisimulia kwa simu, nami nikaitafuta zaidi.

Sababu ya wauguzi wale kutosubiri si siri. Mwili wa mzee aliyelala hauko mapumzikoni, unabomoka. Misuli hunywea upesi kuliko ya kijana. Viungo hukakamaa. Damu hutuama miguuni na huweza kuganda. Pumzi huwa fupi na maji hukusanyika kifuani. Ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na kuoza. Mwishoni hamu ya kuishi huondoka, kwa kuwa mtu anayetazama paa siku nzima huanza kujiona mzigo. Sisi kwa mapenzi humwambia mzee, "Lala, pumzika, usijisumbue." Neno hilo ni tamu, lakini kwa mzee mgonjwa mara nyingi ndilo linalomfungia mlango.

Hatuanzi katika utupu. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, nchi yetu imekubali kwamba mtu akifikisha miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Katika vituo vingi vya afya tunaona maandishi ya "Mzee Kwanza" na dirisha la wazee. Kwa sensa ya mwaka 2022, waliofikia umri huo ni karibu watu 6 katika kila 100. Tunayo Hospitali ya Magunga hapa Korogwe, tunayo Bombo kule Tanga, na yapo makao ya serikali ya wazee wasiojiweza, kama yale ya Mwanzange jijini Tanga. Mfupa ukivunjika, pa kwenda papo. Pengo liko pale mzee anaporudishwa nyumbani. Kati ya mlango wa hospitali na mlango wa chumba chake hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumwinua.

Pengo hilo halizibwi na nyumba. Tukijenga vyumba ishirini na kuweka vitanda ishirini bila watu wa kuwainua wazee, tutakuwa tumejenga ile nyumba ya Isleworth ya kabla ya 1935. Itajaa katika mwaka mmoja. Tutapita tukigawa maziwa na matunda siku za sikukuu, tutapiga picha, na walio ndani watabaki wakitazama paa. Isitoshe, tutawatoa katika vyumba ambavyo majirani huwapitia kila siku, tuwaweke mahali pa kutembelewa kwa ratiba.

Najua thamani ya jina ukutani. Sisi wafanyabiashara hatulikatai. Lakini tumkumbuke Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo ambaye asili ya ukoo wake ni Kachchh. Dini yake si hii yetu, alikuwa Mwismaili, lakini ni fahari yetu sote. Kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa fedha kujengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, wakati ambapo mgonjwa maskini hakuwa na pa kulazwa. Baadaye huduma ilihamia Muhimbili, na jina lake likahamia huko pamoja nayo. Hadi leo kuna jengo la Sewa Haji katika Hospitali ya Taifa. Jina lilidumu kwa sababu lilishikamana na kazi, na kazi iliendelea ingawa kuta zilibadilika.

Basi naleta mbele ya Kamati pendekezo mbadala, nami naomba lipimwe kwa haki.

Kwanza, tuanze kama alivyoanza Daktari Warren: tuwajue wazee wetu mmoja mmoja. Kwa msaada wa wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya wa jamii, tuandike nani yuko wapi, anaishi na nani, anaweza kusimama au hawezi, na tangu lini. Tusiulize dini wala kabila.

Pili, tutumie sehemu ya fedha kumlipa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje kwa siku maalumu kila mwezi, awafundishe watu wawili katika kila kitongoji namna ya kumgeuza mgonjwa, kumkalisha, kumsimamisha na kumtembeza bila kumuumiza wala kujiumiza mgongo. Watu hao nao wapewe posho, kwa sababu kazi isiyolipwa huisha pale mvua za kupanda zinaponyesha.

Tatu, tutengeneze vifaa hapa hapa. Fremu ya kutembelea ni bomba la chuma na mipira minne ya chini. Fundi wetu wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Mzee asiyeweza kuchuchumaa chooni anahitaji kiti cha mbao chenye tundu, na seremala yeyote anakijua. Nguzo ya kushika kutoka mlangoni hadi chooni ni mti mmoja na misumari. Bomba, mipira na ujira wa fundi kwa fremu 20 za mwanzo nitazitoa mimi, na sihitaji jina langu liandikwe juu yake.

Nne, fedha zikibaki, tuongeze chumba kimoja katika uwanja wetu huu, chenye nguzo za kushika, viti imara na kivuli mbele, ambapo wazee wataletwa asubuhi kufanya mazoezi, kunywa chai, kusikilizana, na jioni kurudishwa makwao. Chumba hicho hakihitaji kitanda.

Ndugu zangu, sisi watu wa hekalu hili tuna desturi njema ya kuinama na kugusa miguu ya wazee wetu ili kupata baraka. Majirani zetu wana shikamoo, ambayo maana yake inafahamika na ni ile ile. Miguu tunayoiinamia ni ile iliyotembea kati ya mistari ya mkonge kabla jua halijachomoza, ikapanda treni kutoka mbali, ikasimama nyuma ya kaunta za maduka yetu hadi usiku. Tukiiheshimu kweli, tuisaidie iendelee kutembea.

Namwomba Mwenyekiti alipeleke pendekezo hili kwenye mkutano wa wanachama, na ninawaomba majirani zetu mkaribishwe katika mkutano huo, kwa maana wazee wenyewe ni wenu kama walivyo wetu. Uamuzi wowote utakaopita nitautii na nitauchangia.

Mungu aubariki uzee wa wazazi wetu, na aujalie mkono wa kuushika. Namaste.